Kabla ya Kununua Mmea, Sogeza Kabati: Mwongozo Kamili wa Mimea ya Ndani na Hewa ya Nyumba

Kabati lililetwa na guta Jumamosi jioni, MDF tupu (mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi), bado linanukia duka. Kufika Jumatatu macho yalikuwa yananiwasha, koo limekauka, na nikiamka kichwa kizito kama nimekesha msibani. Nikaingia mtandaoni, nikakuta orodha ya mimea "inayosafisha hewa, imethibitishwa na NASA", yaani shirika la anga la Marekani. Mwisho wa wiki nilirudi na bajaji imejaa miche, nikaipanga chumbani mpaka pa kukanyaga pakawa pa kutafuta. Wiki mbili zikapita. Mimea ilinawiri, mimi nikifungua kabati bado natoa machozi.

Aliyeona tatizo ni mama mwenye nyumba. Alikuja kuulizia hela ya maji, akachungulia ndani, akasema, "Mwanangu, dirisha la upande huu umelipeleka wapi?" Kabati lilikuwa limeliziba lote. Tukalikokota pembeni, tukafungua vioo, upepo ukapita dirisha hadi dirisha, na baada ya siku chache harufu ilipungua hata nikaacha kuifikiria.

Mimea sikuitupa. Ninayo mpaka leo, imezaa na kujukuu. Ila mpangilio wa mwongozo huu umetokana na aibu ile ya kabati: kwanza chanzo cha uchafu, halafu upepo, halafu ndiyo mmea. Ukianzia mwisho utapoteza hela kama mimi.

Kwanza, hiyo habari ya NASA

Utafiti wenyewe ni wa kweli. Ulitoka mwaka 1989, ukiongozwa na mwanasayansi Bill Wolverton katika kituo cha NASA cha Stennis, jimbo la Mississippi. Mimea iliwekwa kwenye maboksi madogo yaliyozibwa, ikaingizwa ndani yake gesi ya kemikali zenye madhara, benzini, formaldehaidi au trikloroethilini, kisha wakapima kilichobaki baada ya saa 24. Gesi zilipungua, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilionekana kufanyika chini, kwenye mizizi na vijidudu vya udongoni, kuliko kwenye majani tunayoyapiga picha.

Tatizo liko kwenye boksi. Boksi halina kabati linalotoa gesi usiku na mchana, wala upenyo chini ya mlango. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walikusanya tafiti 12 za namna hiyo wakazipigia hesabu upya kwa kipimo cha jengo la kawaida. Wakakuta kwamba ili mimea iondoe gesi hizo kwa kasi sawa na hewa inayojipitisha yenyewe ndani ya jengo, unahitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Chumba changu ni mita 3 kwa 4. Kwa hesabu ya huruma ni miche 120. Kwa hesabu ya ukali ni 12,000. Mimi nilikuwa na 12 nikajiona nimefungua msitu.

Kwa hiyo anayekuuzia mche mmoja kwa ahadi ya kusafisha hewa ya sebule nzima anakuuzia maneno. Kazi za mmea ninazoweza kuzitetea ni ndogo zaidi, lakini unaziona kwa macho: majani hunasa vumbi ambalo unaweza kulifuta, mmea wa nje huweka kivuli dirishani, penye ukavu huongeza unyevu kidogo, na mmea wa ndani hukulazimisha ufungue pazia kila siku.

Hatua ya 1: Msake mchafuzi

Kipimo unacho usoni. Pua huzoea harufu ya nyumba ndani ya dakika chache, hivyo ukirudi kutoka kazini simama mlangoni uvute pumzi kabla hujaweka mfuko chini. Unachokisikia pale ndicho cha kushughulikia. Ila kuna mmoja ambaye pua haimjui, na ndiye wa hatari kuliko wote.

Jiko la mkaa. Hapa sina mzaha. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na hakuna mmea wa kuiondoa chumbani kwa kasi ya kukuokoa. Njombe, Iringa, Arusha, Limuru, baridi ikikaza yuko anayeingiza jiko chumbani na kufunga mlango ili joto lisitoke. Makaa yaliyokwisha kufunikwa na majivu bado yanatoa gesi hiyo. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu kulegea. Zikiwapata watu wa nyumba nzima kwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye, kisha hospitali. Na hata bila ajali ya namna hiyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kama unapika kwa mkaa au kuni, hela ya miche ipeleke kwanza kwenye mtungi wa gesi, au walau pikia barazani.

Inayofuata ni dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mduara. Utafiti mmoja wa mwaka 2003 ulikuta kwamba koili moja ikiteketea yote hutoa chembe laini za moshi sawa na sigara kati ya 75 na 137. Chandarua hakina moshi.

Udi siuachi, na sikuombi uuache. Bibi yangu angefufuka kunigombeza. Fukiza dirisha likiwa wazi, na mwenye pumu au mtoto mchanga akae chumba kingine mpaka moshi uishe.

Fanicha mpya: MDF, chipubodi na plaiwudi hushikanishwa kwa gundi, na nyingi ya gundi hizo hutoa formaldehaidi, hasa wiki za mwanzo. Joto na unyevu huzidisha utoaji huo, na Dar es Salaam tunavyo vyote viwili kwa wingi. Laiti ningejua, kabati lingekaa barazani wiki mbili, milango wazi na droo nje, mbali na mvua. Kingo ambazo fundi ameziacha wazi, zile za nyuma na za chini ambazo hazionekani, zipigwe rangi au vanishi na zikaukie nje.

Kisha kuna kuvu. Vuta kitanda na makabati, mulika tochi nyuma yake. Ukiona madoadoa meusi, sugua kwa sabuni, kausha, tafuta maji yanakotokea, na usirudishe fanicha ikagusana na ukuta. Acha nafasi ya kiganja. Chumba chenye kuvu hakihitaji mmea hata mmoja mpaka kikauke, kwa sababu kila chungu unachomwagilia kinaongeza unyevu.

Hatua ya 2: Pitisha upepo

Dirisha moja huingiza hewa kidogo. Matundu mawili yanayotazamana huipitisha. Funga uzi au kipande cha karatasi laini kwenye nondo ya kila dirisha. Ukikuta mmoja unapeperuka kuja ndani na mwingine kwenda nje, umeshapata njia ya upepo, na hapo kati kusiwe na kabati. Kwetu pwani njia hiyo hubadilika na msimu: kusi inapovuma katikati ya mwaka, upepo hutoka kusini-mashariki, kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Dirisha lililokupoza Julai linaweza kulala doro Januari.

Halafu utazame wavu wa mbu. Ule wa kwangu nilidhani ni wa rangi ya kijivu. Nilipousugua kwa brashi na sabuni ya unga ukageuka kuwa mweupe, na maji ya ndoo yakawa kama chai ya rangi. Vumbi lile huziba matundu, na upepo unaishia nje. Usugue kila mwezi ukikaa karibu na barabara ya vumbi.

Wenye madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, mjue nusu ya dirisha huwa imefungwa siku zote. Kama upepo ni dhaifu, geuza feni itazame nje kwenye dirisha moja. Itasukuma hewa nzito itoke na nyingine itaingia upande wa pili. Mimi hufungua robo saa alfajiri na tena jirani akishamaliza kuchoma takataka. Na sakafu piga deki, au fagia baada ya kunyunyiza maji. Kufagia pakavu ni kulihamisha vumbi kutoka sakafuni kwenda mapafuni.

Hatua ya 3: Pima mwanga kabla ya kwenda kwenye vitalu

Saa sita mchana, siku ya jua, weka karatasi nyeupe pale unapotaka chungu kikae. Nyoosha kiganja juu yake kama sentimita 30. Kivuli chenye kingo kali kina maana mwanga ni mwingi. Kivuli hafifu ambacho vidole bado unavihesabu, mwanga wa wastani, na mimea mingi ya ndani inautaka huo. Usipoona kivuli, mmea utakaa hapo kama mgonjwa aliyelazwa: weka miwili, umpe kila mmoja zamu ya wiki mbili karibu na dirisha.

Hatua ya 4: Chagua

Usinunue 12. Anza na mitatu.

Wa kwanza ningeuchukua Dracaena, na hapa niseme kitu ambacho orodha za mtandaoni hazikwambii. Kati ya mimea aliyoipima Wolverton, kadhaa ni Dracaena, na jamaa zake wamejaa kwetu. Wachagga wanawaita masale: ndiyo mipaka ya vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Kilimanjaro, na ndilo jani ambalo mtu akikuletea kuomba msamaha ni vigumu kumkatalia. Aina moja maarufu madukani Ulaya, deremensis, imepewa jina la Derema, kule Usambara Mashariki. Kipande cha shina la masale chenye urefu wa shubiri moja, ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu, kinaota. Ukiwa na shemeji Moshi, mche ni bure.

Wa pili, ZZ, yaani Zamioculcas zamiifolia, yule mwenye vijani vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Naye ni wa kwetu, asili yake ni kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, na Waholanzi ndio waliomzalisha kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990 mpaka akaenea maofisini duniani kote. Chini ana viazi vinavyohifadhi maji. Ukisafiri mwezi mzima utamkuta.

Wa tatu, sansevieria, majani yamesimama kama panga. Huyu husifiwa kwamba "hutoa oksijeni usiku". Ukweli ni kwamba hufungua vinyweleo vyake usiku na kuvuta hewa ya ukaa wakati huo ili asipoteze maji mchana. Oksijeni bado huitengeneza kwenye mwanga. Nao wanaoamini kinyume, kwamba mti chumbani usiku utakumalizia hewa, wasihangaike. Mmea wa chungu hupumua kidogo mno. Anayelala pembeni yako anatumia oksijeni nyingi kuliko miche yako yote, na hujawahi kumtoa nje kwa sababu hiyo.

Nyumba yenye mtoto anayetambaa ni habari nyingine. ZZ, mani planti inayotambaa na dieffenbachia yenye majani mapana ya madoa zina vijisindano vya kalsiamu oksaleti. Akitafuna, mdomo na ulimi huwaka na kuvimba. Ikitokea, toa mabaki mdomoni, msuuze, mpe maji ya baridi au maziwa anywe kidogo kidogo, usimtapishe. Akivimba au akipata shida kumeza au kupumua, mkimbize hospitali. Salama zaidi kwa nyumba hiyo ni Chlorophytum, yenye majani membamba ya mistari na watoto wanaoning'inia, au areka, wa jamii ya mnazi, kutoka Madagaska. Masale na sansevieria si chakula pia, viweke juu. Manyara, ule mmea wa utomvu mweupe, yabaki uani kwenye uzio. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari.

Hatua ya 5: Chungu na udongo

Ndoo ya rangi iliyooshwa inafaa kama chungu cha bei, mradi ina matundu chini, matano au sita ya ukubwa wa kidole kidogo. Msumari wa moto unatosha, na utobolee nje. Chungu kisichotoa maji ndicho kilichoua mimea mingi zaidi ya jua, wadudu na usahaulifu vikijumlishwa, walau kwangu.

Udongo: makopo mawili ya udongo wa juu, moja la mchanga wa mto, moja la mboji au samadi iliyoiva mpaka haina harufu. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Kwa ZZ na sansevieria mchanga uwe nusu. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kulowekwa yanaweza kuchukua nafasi ya kopo moja la udongo, na chungu kinakuwa chepesi. Wengi hutandika kokoto chini "ili maji yatoke"; hazisaidii, zinapandisha tu tope karibu na mizizi. Kigae kimoja juu ya kila tundu kinatosha kuzuia udongo. Chenga za mkaa nachanganya kidogo kwa ajili ya kulegeza udongo, ila zisikudanganye kuwa ni kichujio cha hewa.

Hatua ya 6: Maji, na mbu

Ingiza kidole mpaka pingili ya pili. Kikirudi na udongo ulioshikamana, ondoka. Kikirudi kikavu, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini, subiri robo saa, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. ZZ na sansevieria wasubiri udongo ukauke wote. Kwangu ni kama kila wiki tatu. Majani ya njano yaliyolainika yanasema maji yamezidi. Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinasema hivyo hivyo.

Ncha za majani zikikauka rangi ya kahawia na juu ya udongo pakitanda ukoko mweupe, shtaki maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na Dracaena na Chlorophytum hawaipendi. Kinga maji ya mvua, au weka ndoo chini ya bomba la kiyoyozi. Yale hayana madini karibu kabisa. Kisha mara moja kwa miezi miwili mpe mmea maji mengi, mara tatu mfululizo, ili chumvi iliyorundikana ishuke.

Kisahani sasa. Mbu wa dengi, Aedes aegypti, hutaga kwenye maji kidogo yaliyotulia ya nyumbani, na kisahani cha ua ni kitanda chake. Mayai hugandana kwenye ukingo na huvumilia ukavu kwa miezi, kisha maji yakirudi, ndani ya wiki moja hadi siku kumi mbu wako tayari. Dar imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Kumwaga maji tu hakutoshi. Sugua kisahani kwa brashi kila wiki, au kijaze mchanga mpaka juu. Mani planti zinazokaa kwenye chupa za maji, zibadilishe maji na usugue chupa kwa ndani vilevile.

Kiasi cha mimea kitegemee mji. Dodoma kipindi cha kiangazi, vyungu vingi sebuleni vinaweza kupunguza kidogo ukavu wa hewa. Tanga au Zanzibar wakati wa masika, chumba cha kulala kisizidi miwili.

Hatua ya 7: Futa majani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kwenye orodha zote, na ndiyo pekee ambapo utauona uchafu uliotoka hewani ukiwa mkononi mwako. Lowesha kitambaa cha pamba, kikamue. Weka kiganja cha kushoto chini ya jani, futa kwa kulia kuanzia shinani kwenda nchani, upande wa juu halafu wa chini. Jani la kwanza la Dracaena aliye dirishani kwangu huacha mstari mwekundu wa udongo wa barabarani. Usipofuta, feni italipeperusha vumbi hilo tena, na jani lililofunikwa vumbi halipati mwanga. Karibu na barabara fanya kila wiki. Maziwa, mayonezi na mafuta ya kula waachie wenye kupenda kung'arisha. Vumbi hushika juu yake maradufu.

Ukifuta ndipo unapowakuta wadudu. Pamba nyeupe kwenye maungio ni vidung'ata. Waguse kwa pamba yenye spiriti. Utando mwembamba chini ya jani ni utitiri. Mpeleke mmea bafuni, umwoshe kwa maji yenye nguvu, urudie baada ya siku nne.

Hatua ya 8: Nje ya dirisha

Ukiwa na ua, mmea wa nje unaweza kukufaa kuliko wote wa ndani. Uzio wa michongoma kati ya barabara na dirisha hupunguza vumbi kabla halijaingia. Kivuli kwenye ukuta wa magharibi hupoza chumba, na chumba kikipoa hata kabati hutoa gesi kidogo. Uzio ukae hatua mbili tatu kutoka ukutani na usipite kimo cha kizingiti cha dirisha, la sivyo utauziba upepo uliouhangaikia kwenye hatua ya 2.

Kuzalisha

Mama mwenye nyumba aliomba sansevieria, na nadhani nilikuwa nadaiwa. Kata jani moja vipande vya urefu wa kidole, acha vikauke kivulini siku mbili tatu, kisha vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Upande uliokuwa chini lazima ubaki chini. Ukigeuza, kipande hakitoi mizizi. Kwa kuwa vyote vinafanana, ukikata piga alama ndogo ya kisu upande wa chini. Mizizi huchukua wiki kadhaa, vichipukizi miezi. Na kama jani lina ukingo wa njano, watoto watatoka kijani kitupu. Ukiutaka ule wa njano, ng'oa mmea mzima, gawanya kwenye kisiki, umpe mwenzio kipande chenye mizizi yake.